Niliyoyasema Gereji kwa Cedric

Mliniacha jikoni, nimekaa sakafuni, barua mkononi, nalia peke yangu mtu mzima na mvi zangu. Kwa ambaye hakuwepo nitayarudia haraka, maana yananiuma kuyataja.

Mimi ni Lionel Tansley, miaka sitini na sita. Kiwanda cha magari nilichokifanyia kazi tangu ujana kilifunga milango. Mke wangu Pauline akachoka na kinywa changu, akahamia kwa dada yake huko Skegness. Hayo niliyastahili, sikatai.

Lakini barua, jamani, barua!

Ilikuja mwezi wa tatu. Nyuma ya bahasha pameandikwa Tansley, na Tansley niliyebakiwa naye duniani ni mmoja tu, kaka yangu Cedric. Nikaitupa kwenye droo ya visu bila kuifungua. Nimekuja kuifungua mwezi wa kumi na moja, natafuta kifungulio cha kopo.

Aliyeandika ni Glenys, mke ambaye Cedric alimwoa uzeeni na mimi sijawahi kumtia machoni. Cedric kapigwa na kiharusi. Hawezi kusema, mkono wa kulia hauinuki, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Wamempa kalamu mkono wa kushoto, akaandika neno moja tu, nalo ni jina langu.

Miezi minane ananingoja. Na mimi kila asubuhi nachukua kisu cha mkate juu ya bahasha ile.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye gari. Mimi na Cedric tulikuwa na ugonjwa mmoja: magari ya kuunda nyumbani. Unanunua bodi ya faiba, ile plastiki ngumu, na chasisi tupu, unatoa injini kwenye gari kuukuu, unajifungia gerejini Jumapili zako zote, na ukijaliwa unatoka na nakala ya gari la mashindano la miaka ya sitini. Lile halisi hata tungeuza nyumba zetu zote mbili tusingelipata.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa tunashusha injini. Cedric kashika mnyororo, mimi niko chini naongoza. Mnyororo ukateleza. Injini ikanikalia paja la kushoto. Mguu uliunga, lakini uliunga mfupi, upungufu wa vidole vitatu, na tangu siku hiyo naendesha magari yasiyo na klachi, maana klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto.

Hospitali nilimwambia Cedric kwamba aliuachia mnyororo makusudi. Hakuuachia makusudi. Nilijua siku ileile, na bado nikasema.

Haya. Siku mbili baada ya kuisoma barua, nikaona tangazo kwenye jarida letu la waunda magari. "Linauzwa. Gari la kuunda, nakala, halijamalizwa. Mwenyewe hawezi tena." Chini, jina la kijiji cha Cedric, nje ya Nuneaton.

Nikashikwa na wazimu. Nikasema nitalinunua gari lile. Nitalimaliza kabla ya kiangazi. Halafu nitaliendesha, mambo ya klachi nitajua huko mbele, mpaka chini ya dirisha la wagonjwa, nipige honi, kaka yangu achungulie. Nilijiona kabisa.

Kumwendea mtu sikuwa na ubavu. Kuliendea gari, hilo niliweza.

Nikapiga simu. Sauti ya mwanamke wa Wales ikaniuliza jina, na ulimi wangu ukafanya kazi yake ya kila siku.

"Ashby," nikasema. "Bwana Ashby."

Jumamosi saa nne asubuhi nikafika. Mvua ile ya kwetu isiyonyesha wala isiyoacha. Glenys alikuwa getini tayari, mwanamke mfupi ndani ya sweta kubwa la kiume, mikono kaikunja hadi viwikoni. Alinitazama nikishuka garini. Alinitazama muda mrefu kidogo, lakini mimi akili yangu ilikuwa kwenye gereji.

"Chai kwanza au gari kwanza, Bwana Ashby?"

"Gari kwanza, mama."

"Wote mnasema hivyo. Wewe ni wa nne. Wa kwanza alikuja na sumaku."

"Sumaku? Ya nini?"

"Kutafuta palipozibwa kutu kwenye bodi."

"Bodi ya faiba!" Nikacheka bila kutaka. "Sumaku itashika nini kwenye faiba? Si angekuja na kijiko tu."

"Humu ndani kuna mtu alicheka mpaka machozi," akasema, akafungua mlango wa gereji.

Gereji ya Cedric imeshikana na nyumba. Kuna mlango mdogo pembeni unaoingia chumba cha kulia, ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ikichukuliwa ijulikane haipo. Kaka yangu alikuwa hivyo tangu mdogo. Hata soksi alizipanga.

Gari lilikuwa limefunikwa mashuka mawili ya maua. Glenys akayavuta.

Sitawachosha kwa maelezo. Nilitaka kupiga magoti.

Halikuwa na rangi, halikuwa na kioo cha mbele, taa hazijawekwa, waya zinaning'inia chini ya dashibodi. Lakini kila kilichofanywa kilikuwa kimefanywa. Mtu aliyeunda magari matatu akiliona hili anajua kwamba aliyelifanya hakuwa na haraka na hakuwa na wa kumdanganya.

Sasa hapa inabidi niwaambie siri ya kazi yetu.

Ukienda kukagua gari la mtu, hulisifu. Ukilisifu tu, bei imepanda. Cedric ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na tisa. "Lio," alikuwa akisema, "ukilipenda, litukane. Kadiri unavyolipenda, zidisha matusi." Tulikuwa tunakwenda wawili kila Jumapili, yeye anaingia chini na tochi, mimi nabaki juu na mdomo. Naanza na msonyo mmoja mrefu, natikisa kichwa, mwenye gari anaanza kutokwa jasho. Katika nchi hii nzima hakuna aliyekuwa na msonyo kunishinda. Cedric alikuwa anang'ata mkono wa ovaroli huko chini asicheke.

Nikalizunguka gari mara moja. Nikasonya.

"Umesemaje?" akauliza Glenys.

"Bado sijasema, mama. Naogopa kukuvunja moyo."

"Sema tu. Ila sema kwa sauti, sikio langu moja bovu."

Nami nikapaza sauti. Mungu anisamehe, nikapaza kweli.

Nikainama na tochi, nikatazama viungo vya chasisi. Vilikuwa vimechomelewa vizuri kuliko vya kiwandani kwetu, hakuna povu, hakuna palipoungua.

"Aliyechomelea hapa alikuwa na kikohozi?" nikasema. "Au alikuwa anapigana na mtu?"



Nikapitisha kidole kwenye bodi, juu ya tundu la taa, mahali ambapo faiba hupasuka nyufa nyembamba ikitolewa vibaya kwenye umbo lake. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Alikuwa ameisugua kwa msasa laini mpaka imekuwa ya kubembeleza.

"Nyufa hizi!" nikasema. "Ukipaka rangi zitatokea zote. Bodi hii ni ya kutupa."

"Mimi sioni ufa," akasema Glenys.

"Huwezi kuona, mama. Ni macho ya kazi haya."

Nikaenda kwenye waya. Kila waya alikuwa ameufunga kikaratasi, kaandika kazi yake kwa zile herufi zake ndogo za kubana. Taa ya kulia. Honi. Kipimo cha mafuta. Kuanzia nusu ya dashibodi vikaratasi vilikuwa vinaisha, waya unabaki mtupu. Hapo ndipo kiharusi kilipomkuta. Nilijua kabisa.

Nikakohoa, nikasema, "Huyu hata waya hakujua unakwenda wapi. Ona, ameanza vizuri, halafu amekata tamaa. Mvivu."

Mvivu. Nilimwita kaka yangu mvivu.

Glenys aliweka mkono kwenye rafu ya makopo ya rangi, kama mtu anayetafuta pa kujishikiza. "Endelea," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Na ukaguzi wa serikali hapiti. Kila ncha kali inatakiwa ifunikwe, kila nati iliyo wazi iwe na kofia. Hapa nati zote ziko uchi. Mkaguzi atamfukuza getini."

Hilo kidogo lilikuwa kweli. Lakini kwenye benchi nyuma yangu kulikuwa na kopo limejaa vile vikofia vya plastiki, vimehesabiwa na kutengwa. Hakuwahi kuvivisha.

Ningeishia hapo. Nani aliniambia niendelee? Bei ilikuwa imeshashuka kutoka ile ya kwenye tangazo, Glenys mwenyewe alikuwa amesema, "Basi tutazungumza." Ningetoa mkono, ningelipa, ningeondoka na gari la kaka yangu.

Lakini kinywa changu hakijawahi kujua pa kusimama. Muulizeni Pauline.

Nikamulika tochi sakafuni mwa gari, upande wa dereva. Nikaona pedali. Breki na mafuta ziko sawa, zimelingana vizuri. Ya klachi ilikuwa imesogea mbele ya wenzake, inamjia dereva. Kipande cha chuma kimeungwa nyuma yake kuirefusha, na juu yake limefungwa bamba nene la kukanyagia.

Hilo sikulielewa, nikafurahi. Kasoro ya kweli hatimaye! Si ya kubuni.

"Aaa! Hapa sasa ndipo alipoharibu kabisa," nikasema, na sauti juu. "Njoo uone, mama. Klachi hii imefungwa na mlevi! Pedali tatu, kashindwa kuzipanga mstari mmoja. Gari zima kaliua kwa pedali moja. Nikuambie ukweli? Hakuna mtu mwenye miguu yake miwili atakayeliendesha hili."

Mvua tu kwenye bati.

Glenys akafumbua macho. Sikuwa nimeona alipoyafumba.

"Ingia ukae," akasema.

"Hakuna haja, nimeshaona."

"Hujaona. Ingia ukae, Bwana Ashby."

Nikaingia, nikilalamika. Kiti chenyewe hakitembei, kimekazwa kwa bolti, maana kwenye magari haya anayeunda hukipima kwa mwili wa dereva mmoja, basi. Cedric ni mrefu, miguu yake ilikuwa inagonga meza zote. Nikajua nitakaa humo nining'inie, miguu isifike popote.

Ikafika.

Mgongo ukakaa. Usukani ukaja mikononi wenyewe. Mguu wa kulia ukashuka kwenye breki. Nikanyanyua wa kushoto, ule mbovu, nikajiandaa kuuvuta toka nyongani mpaka uniume kama siku zote.

Haukuniuma. Bamba lile nene lilikuwa palepale unyayo wangu ulipo. Nikakanyaga, klachi ikazama mpaka chini. Nikaachia, ikapanda. Nikakanyaga tena.

Vidole vitatu. Kipande kile cha chuma kilikuwa na urefu wa vidole vitatu.

Siku ile hospitali, mguu umefungwa hadi kiunoni, Cedric alisimama mlangoni na kofia mkononi akaniuliza lini nitamsamehe. Mimi nikamjibu mbele ya wauguzi, "Siku nitakayokanyaga klachi tena. Sasa toka." Akatoka.

Jamani. Mimi nilikuwa natafuta neno la kumuumiza tu. Yeye alilichukua kama agizo.

"Inafika?" akauliza Glenys.

Nikaitikia kwa kichwa, machozi yananidondokea kwenye ovaroli.

"Alimpigia Pauline simu," akasema. "Alimwomba urefu wa suruali zako, mguu wa kulia na wa kushoto. Miaka minne iliyopita. Akamwambia asikuambie."

Nilikumbuka Pauline akinipima na utepe wake wa kushonea. Nilimgombeza kwamba suruali zangu hazina shida.

"Wewe ni Lionel," akasema Glenys.

"Umejua sasa hivi?"

"Nimejua getini. Ulipoushusha mguu garini."

"Mbona ukaniacha niseme yote yale?"

"Nilikuwa nangoja ujitaje!" Hapo ndipo alipopandisha sauti, mara ya kwanza na ya mwisho. "Kila ukifungua kinywa nasema sasa, sasa anasema mimi ni Lionel, nimekuja. Unasonya, unatukana viungo. Nasema haya, labda baada ya viungo. Ukatukana bodi. Sikio langu ni zima, mtu wewe. Nilikuambia upaze sauti kwa sababu yeye alitaka kusikia."

"Yeye nani?"

Akasogeza kopo la rangi kwenye rafu.

Nyuma yake kilikuwapo kile kidude cheupe ambacho wazazi huweka kando ya kitanda cha mtoto mchanga, wao wakiwa chumba kingine wamsikie akilia. Kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka.

"Nilimtoa kule kwenye nyumba ya wagonjwa wiki mbili zilizopita," akasema Glenys. "Walikuwa wanamlaza jua halijazama. Yuko hapo." Akaonyesha mlango mdogo wa pembeni, ule uliorudishwa. "Chumba cha kulia. Hawezi kuja gerejini, basi nikamwekea hiki. Anapenda kuwasikia wanunuzi. Yule wa sumaku alimchekesha siku tatu."

"Anasikia?"

"Kilichokufa ni kinywa. Masikio yake mazima kabisa."

Msomaji wangu, umewahi kutaka kuyarudisha maneno? Si moja, yote, moja moja, ulipoyatoa? Nilianza kuyakumbuka kwa mpangilio. Kikohozi. Bodi ya kutupa. Mvivu. Mlevi. Hakuna mtu mwenye miguu yake miwili.

"Alinitambua?" nikauliza.

"Ulipotoa ule msonyo. Hujasema neno bado. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango, nikamwona anatabasamu. Upande mmoja ndio unaotabasamu siku hizi."

"Anaujua mchezo wenyewe, shemeji! Ni yeye aliyenifundisha. Ukilipenda, litukane. Anajua sikuwa nasema kweli!"

"Kwenye viungo alikuwa anajua," akasema Glenys. "Kwenye bodi pia. Alikuwa anatikisika kwa kucheka."

"Halafu?"

Akaanza kukunja shuka la maua, pembe kwa pembe.

"Halafu?" nikarudia.

"Halafu ukafika kwenye klachi. Na usiniite shemeji kwanza."

Nilitoka kwenye gari sijui vipi. Nikauendea mlango mdogo. Glenys akatangulia, akauziba kwa mgongo. Mwanamke ananifika kifuani, lakini nisingeweza kumsogeza.

"Niache niingie."

"Si mimi wa kukuacha. Miaka kumi na moja umeamua wewe kama mtaonana au hamtaonana. Leo anaamua yeye."

"Ataamuaje, na hasemi?"

"Ana spana namba kumi, ndiyo aliyoitaka. Hailali mbali na mkono wake wa kushoto. Anagonga chuma cha kitanda. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Akili yake haina kasoro yoyote, usije ukafikiri anabahatisha. Simama hapahapa."

Akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake. Upenyo ukabaki wa kidole. Nikaona ncha ya blanketi la kijani na soli ya soksi. Mguu wa kaka yangu.

Nikamsikia anavuta kiti.

"Ced," akasema, na ile sauti ya Wales ikawa laini ajabu. "Ni yeye kweli. Ni Lionel. Yuko mlangoni, analia. Aingie?"

Ngo.

Nikashika kitasa. Nikakizungusha. Moyo ulikuwa unanitoka mdomoni kwa furaha.

Ngo.

Mbili.

Mkono wangu ukabaki kwenye kitasa, sijui kuufanya nini. Nikakiachia polepole kisitoe sauti, eti nisimsumbue mgonjwa. Nikarudi nyuma hatua moja, nikagonga gari. Kila mahali palinuka gundi ya faiba na mafuta ya mikono, harufu ya Jumapili zetu zote.

Ningeondoka. Nawaambia ukweli, ningeondoka, maana kuondoka ndiko ninakojua. Lakini kile kitaa cha kijani kilikuwa bado kinawaka pale rafuni, na mimi nina kinywa, na kinywa ndicho kilichonifikisha hapa.

Nikakisogelea. Nikainama mpaka pua ikakigusa.

"Cedric," nikasema. "Ni mimi, Lio. Usigonge kwanza, nisikilize. Hukuuachia ule mnyororo. Uliteleza. Niliuona ukiteleza, niliona mikono yako inachubuka unaung'ang'ania, damu ikatoka, nikaona, Ced. Nilijua tangu siku ile. Nilikuambia vile kwa sababu nilikuwa na uchungu, na wewe ulikuwa karibu. Basi. Hakuna sababu nyingine. Kisha nikaona haya kurudi nyuma, mwaka ukapita, ikapita miwili. Barua ya mkeo niliitupa kwenye droo ya visu sijaifungua. Miezi minane. Sikujua unaumwa, lakini ningeifungua ningejua. Nimekuja leo na jina la uongo. Gari lako ni zuri. Viungo vile sijawahi kuviona kwa mtu. Na klachi inafika, kaka. Inafika mpaka chini. Nimeikanyaga mara mbili."

Nikaishiwa. Nikaegemeza kichwa kwenye rafu, makopo yakalia.

Nikahesabu pumzi zangu. Sijui zilikuwa ngapi.

"Umesikia, Ced?" Glenys akauliza.

Hakugonga.

"Ced. Siwezi kumwacha gerejini siku nzima, mpenzi. Nikuulize kwa njia nyingine." Kiti kikalia, nadhani alikuwa anainama karibu na sikio lake. "Nimwambie aende zake, asirudi tena?"

Sasa, ndugu zangu, nikakumbuka hesabu ya spana: safari hii nilizitaka mbili. Nikarudi mlangoni kwa mguu wangu mmoja na nusu, nikaweka sikio kwenye upenyo.

Ngo.

Nikashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, nikafumba macho, nikaanza kuiombea ya pili.